Asilimia tano: mkataba wa Japani ukisomwa kutoka Mrima

Mwaka 1832 serikali ya Marekani ilimtuma mfanyabiashara wa mji wa Portsmouth, jimbo la New Hampshire, aitwaye Edmund Roberts, kwenda kutafuta mikataba ya biashara katika Bahari ya Hindi na Asia ya Mashariki. Miongoni mwa watawala aliotakiwa kuonana nao alikuwamo Sayyid Said bin Sultan, mwenye Maskati, Unguja na pwani hii yetu ya Mrima, na baadaye kazi yake ikaongezewa Japani. Kwa Sayyid Said alifanikiwa, na mkataba ukatiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Japani hakufika kamwe. Alikuwa katika safari ya pili, akizipeleka hati za kuthibitisha mikataba ya kwanza, alipougua na kufariki Macau mwezi Juni 1836. Miaka kumi na saba ilipita kabla kamanda wa manowari wa Marekani, Matthew Perry, hajatia nanga mbele ya Uraga, Japani, akiwa na manowari nne.

Jambo hili halitajwi sana. Mkataba wa Perry husimuliwa kama kisa cha nchi iliyojifungia na moshi wa merikebu ulioifungua, na mkataba wa Sayyid Said husimuliwa kama kipengele kidogo katika historia ya Zanzibar. Mimi ninaishi Bagamoyo na ninafundisha historia, na kila ninaporudi kwenye mikataba hii miwili naona ni ya ukoo mmoja, imeandikwa kwa hoja zinazofanana na kwa ajili ya wafanyabiashara wa aina moja. Ninaamini kwamba mtu aliyezaliwa Mrima ana nafasi nzuri ya kuuelewa mkataba wa Japani, kwa sababu ameona kwa macho yake mahali ambapo mikataba ya namna hii huuma, nako ni forodhani, pale bidhaa inapotua na mtu mmoja akamwambia mwingine ni kiasi gani cha kulipa.

Tuanze na wa kwetu. Mkataba wa 1833 uliwaruhusu Wamarekani kuingia katika bandari zote za Sayyid Said na kununua na kuuza kwa uhuru. Bidhaa walizoshusha zilitozwa ushuru wa asilimia tano, wala haukuwapo ushuru mwingine wowote juu yake, na bidhaa walizopakia kuondoka nazo hazikutozwa chochote. Kila nafuu ambayo taifa jingine lingepewa, wao nao waliipata. Mmarekani akigombana na Mmarekani mwenzake, mwamuzi ni balozi wao, si kadhi wala liwali. Merikebu yao ikivunjika katika pwani ya Sayyid, mabaharia walionusurika wahifadhiwe na kukirimiwa kwa gharama ya Sayyid mwenyewe. Msomaji na aliweke akilini sharti hilo la mabaharia waliovunjikiwa na chombo, maana tutakutana nalo tena upande wa pili wa dunia.

Sayyid Said hakulazimishwa kwa mizinga. Alikuwa mtawala mfanyabiashara, aliyekuwa akihamishia makao yake Unguja na kupanda mikarafuu, na wateja wapya walimfaa. Wamarekani wa Salem na miji jirani walileta marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho kilienea hadi Unyamwezi na Ujiji, kikawa fedha ya misafara, nao wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Balozi wao wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid iitwayo Sultana iliingia New York ikiwa na Ahmad bin Na'aman kama mjumbe wake. Kwa kipimo cha wakati ule huo ulikuwa urafiki wa kweli, na sina sababu ya kuudharau.

Lakini mtawala aliyekubali kwamba hatatoza zaidi ya asilimia tano kwa kinachoingia, na kwamba hatatoza kitu kwa kinachotoka mikononi mwa mgeni, atapata wapi mapato ya dola yake? Jibu limo katika mkataba uliofuata, ule aliotiliana na Waingereza mwaka 1839. Humo, baada ya maneno mengi ya uhuru wa biashara, kuna sharti linalomwachia Sayyid haki ya peke yake juu ya pembe za ndovu na sandarusi katika sehemu moja ya pwani, kuanzia bandari ya Mtangata, kusini mwa Tanga, mpaka Kilwa. Ndiyo Mrima yenyewe. Pangani imo, Saadani imo, Bagamoyo imo katikati. Mgeni alikaribishwa Unguja, lakini hakuruhusiwa kuvuka mkondo aje kununua pembe hapa kwa mikono yake. Pembe zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, zikafika pwani, na kila farasila ikatozwa ushuru kabla haijamfikia Mmarekani aliyekaa Unguja akisubiri bei.

Nimelifikiria sana sharti hili, kwa sababu naona linabadilisha maana ya neno kufunguliwa. Milki ya Sayyid Said ilifunguliwa kwa mkataba, na papo hapo kipande chake kilichokuwa na mali nyingi zaidi kikafungwa kwa mkataba vilevile. Mzigo wa ushuru ambao mgeni aliondolewa haukutoweka, bali ulihamia bara, ukamkalia Mnyamwezi aliyebeba pembe kwa miezi kadhaa na Mswahili aliyekopa marekani ili aende kuitafuta pembe hiyo. Hilo ndilo ninalotaka kulifuatilia hadi Japani, kwa sababu naliona kila mahali mikataba hii ilipopita: ushuru wa mgeni ukifungwa kwenye kikomo, mtawala huwageukia watu wake.

Kufungwa kwa Japani nako kunatiwa chumvi mara nyingi. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1633 na 1639 watawala wa ukoo wa Tokugawa, waliobeba cheo cha Shogun, walitoa amri mfululizo zilizowakataza raia wao kusafiri ng'ambo na zilizomfukuza Mreno, hasa baada ya maasi ya Shimabara ya 1637 na 1638 ambayo wakulima wengi walioshiriki walikuwa Wakristo. Kuanzia 1641 Waholanzi, ambao walikuwa Wazungu pekee waliobaki, waliwekwa Dejima, kisiwa kidogo kilichotengenezwa na watu katika bandari ya Nagasaki. Hata hivyo Wachina walifanya biashara Nagasaki, Korea ilifikiwa kupitia kisiwa cha Tsushima, visiwa vya Ryukyu vilifikiwa kupitia ukoo wa Satsuma, na kaskazini ukoo wa Matsumae ulifanya biashara na Waainu. Milango ilikuwa minne, na kila mmoja ulikuwa na bawabu wake. Sera ile iliamua nani aingie, wapi, na faida imwendee nani, na kwa maana hiyo haiko mbali na alichokifanya Sayyid Said kwa Mrima.

Wala hawakuwa vipofu. Kila mwaka Waholanzi wa Dejima walitakiwa kuandika taarifa ya mambo ya dunia na kuikabidhi kwa maofisa wa Nagasaki. Kwa njia hiyo watawala wa Edo, mji wa Shogun ambao leo ni Tokyo, walijua kwamba Uingereza ilikuwa imeipiga China katika vita vya afyuni, na mwaka 1842, mwaka uleule China ilipotia saini mkataba wa Nanking, walilegeza amri yao ya 1825 iliyoagiza meli za kigeni zifukuzwe kwa mizinga. Hata safari ya Perry waliarifiwa na Waholanzi mwaka mmoja kabla. Hofu iliyowapata mwaka 1853 ilikuwa ya watu walioelewa vizuri kilichompata jirani yao.

Wamarekani walitaka nini? Kwanza, bahari ya Pasifiki ilikuwa imejaa merikebu zao za kuvua nyangumi, kwa kuwa mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa za miji yao, na merikebu hizo zilivunjika katika pwani za Japani, ambako mabaharia walishikwa kama wahalifu. Pili, baada ya kuipata California mwaka 1848 walitaka kuvuka Pasifiki kwa meli za moshi hadi China, na meli ya moshi haiwezi kwenda mbali bila kituo cha makaa ya mawe. Tatu, walitaka biashara, kama walivyoitaka Unguja. Walikuwa wamekwisha jaribu. Mwaka 1837 meli ya wafanyabiashara iitwayo Morrison iliwarudisha nyumbani mabaharia Wajapani waliopotea baharini, ikapokewa kwa mizinga. Mwaka 1846 Kamanda James Biddle alifika na manowari mbili katika ghuba ya Edo, akaambiwa aondoke, naye akaondoka.

Perry hakukusudia kuondoka hivyo. Alifika Uraga tarehe 8 Julai 1853 na meli nne, mbili kati yake zikiwa za moshi, Susquehanna na Mississippi. Alikataa kwenda Nagasaki ambako wageni wote walielekezwa, akakataa kuonana na maofisa wadogo, na akasisitiza kwamba barua ya Rais Millard Fillmore ipokewe kwa heshima. Ilipokewa Kurihama tarehe 14 Julai, naye akaahidi kurudi kuchukua jibu. Abe Masahiro, mkuu wa baraza la Shogun, alifanya jambo ambalo halikuwa desturi: aliwauliza mabwana wote wakubwa wa nchi maoni yao. Majibu yalipingana, na kule kuuliza kwenyewe kuliwaonyesha wote kwamba Edo haikuwa na uhakika. Shogun Ieyoshi alifariki kiangazi hichohicho, na mrithi wake, Iesada, alikuwa mtu mwenye afya dhaifu.

Perry alirudi Februari 1854, kabla ya wakati aliotarajiwa na akiwa na meli nyingi zaidi. Mazungumzo yalifanyika Yokohama, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji tu cha pwani. Wamarekani walishusha zawadi zao, kati yake garimoshi dogo la robo ya ukubwa wa kweli pamoja na reli zake za mviringo, na waya wa simu ya telegrafu. Wajapani walijibu kwa marobota ya mchele na mchezo wa miereka. Sehemu hii husimuliwa sana, na ni kweli inapendeza, lakini napenda msomaji amwangalie mtu mwingine, Hayashi Akira, mwanazuoni aliyeongoza ujumbe wa Japani.

Perry alikuja na rasimu iliyofuata mkataba wa Wangxia, ule Marekani iliotiliana na China mwaka 1844, na rasimu hiyo ilikuwa ya biashara. Kumbukumbu za upande wa Japani zinaeleza kwamba Hayashi alimsikiliza Perry akieleza habari za mabaharia wanaovunjikiwa na vyombo na thamani ya uhai wa mwanadamu, kisha akamjibu kwamba hilo la kuokoa watu wanalikubali, lakini biashara ni suala la faida na halihusiani na uhai wa mtu. Ikiwa Perry amekuja kwa ajili ya uhai wa watu, basi ombi lake limekwisha timizwa. Perry alinyamaza, akafikiri, na akaliondoa suala la biashara. Ninaposoma habari hii namwona mjadili hodari ambaye, akiwa hana manowari za kumtosha, alizitumia hoja za mwenzake mwenyewe kumzuia.

Ndiyo maana mkataba wa Kanagawa, uliotiwa saini tarehe 31 Machi 1854, ni mwembamba kuliko sifa zake. Una vifungu kumi na viwili. Bandari mbili zilifunguliwa, Shimoda mara moja na Hakodate baada ya mwaka mmoja, ili meli zipate kuni, maji, chakula na makaa ya mawe, na manunuzi hayo yalipitia mikononi mwa maofisa wa Japani. Mabaharia waliovunjikiwa na chombo wasaidiwe, sawa na lile sharti la Sayyid Said. Nafuu yoyote itakayopewa taifa jingine iende kwa Marekani pia, sawa na la Sayyid Said. Ushuru haukutajwa, kwa sababu biashara huru haikuwapo. Mwaka 1833 Sayyid alitoa zaidi kwa hiari kuliko Japani ilivyotoa mwaka 1854 mbele ya mizinga.

Kuna kisa kimoja cha Shimoda ambacho watu wa pwani watakipenda, hata kama kinanitoa kidogo njiani. Mwezi Desemba 1854 tetemeko la ardhi na mawimbi makubwa yake yaliibomoa Shimoda, na manowari ya Kirusi Diana, iliyokuwa pale na Admirali Putyatin kwa mazungumzo kama yale ya Perry, iliharibika na hatimaye ikazama. Putyatin alitia saini mkataba wake Februari 1855, kisha mabaharia wake na mafundi seremala wa kijiji cha Heda wakajenga pamoja chombo kipya cha kuwarudisha kwao. Mafundi wale walijifunza namna ya Kizungu ya kuunda chombo kwa mkuku na mataruma, na ujuzi huo ulibaki pwani ile. Yeyote aliyekaa na mafundi wa majahazi hapa Bagamoyo anajua jinsi fundi anavyoiba kazi kwa macho, na anaweza kuamini kwamba huko Heda hakuna aliyefanya kazi akiwa amefumba macho.

Biashara ilikuja mwaka 1858. Townsend Harris, balozi wa kwanza wa Marekani, alifika Shimoda mwaka 1856 na kukaa katika hekalu la Gyokusenji, akisubiri na kushawishi, akiwaeleza maofisa wa Edo kwamba heri wakubaliane na yeye aliyekuja bila manowari kuliko wasubiri Waingereza waliokuwa wakiipiga China kwa mara ya pili. Hotta Masayoshi alikwenda Kyoto kuomba idhini ya Mfalme, aliyekuwa juu ya Shogun kwa heshima tu, akanyimwa. Ii Naosuke, aliyeshika madaraka baada yake, aliruhusu mkataba utiwe saini bila idhini hiyo, na tarehe 29 Julai 1858 ukatiwa saini ndani ya manowari Powhatan. Waholanzi, Warusi, Waingereza na Wafaransa wakapata ya kwao mwaka huohuo. Ii alilipa kwa maisha yake, maana aliuawa mbele ya lango la Sakurada la ngome ya Edo mwezi Machi 1860.

Mkataba huu wa Harris ndio unaostahili kuitwa mkataba wa kuifungua Japani. Uliongeza Kanagawa, Nagasaki, Niigata na Hyogo, na ukaruhusu wageni kufanya biashara Edo na Osaka kadiri tarehe zilivyofika. Mmarekani aliyemkosea Mjapani alihukumiwa na balozi wake kwa sheria za kwao. Kisha ukaja ushuru: vitu kadhaa bila malipo, vingine asilimia tano, vileo asilimia 35, na bidhaa nyingine zote asilimia 20, huku bidhaa za Japani zinazotoka zikitozwa asilimia tano. Ukitazama asilimia 20 tu utasema Wajapani walipata masharti mema kuliko sisi. Tatizo lilikuwa kwamba viwango hivyo viliandikwa ndani ya mkataba, na kitu kilichoandikwa ndani ya mkataba hakibadilishwi na upande mmoja.

Kilibadilishwa, lakini na upande wa pili. Mwaka 1864 meli za Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Marekani ziliipiga Shimonoseki kwa mizinga kwa sababu ukoo wa Choshu ulikuwa ukizishambulia meli za kigeni, kisha zikadai fidia ya dola milioni tatu. Serikali ya Shogun ilishindwa kulipa kwa wakati, na katika mazungumzo yaliyofuata mataifa hayo manne yakapata makubaliano ya ushuru ya Juni 1866. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya bidhaa zilizoingia Japani zilitozwa asilimia tano. Ni tarakimu ileile ambayo Roberts aliichukua Maskati miaka 33 kabla. Tena nyingi zilitozwa kwa kiasi cha fedha kilichokadiriwa kutokana na bei za miaka iliyopita, hata bei zilipopanda, ushuru wenyewe ukawa chini ya asilimia tano.

Upande wa fedha nao uliumiza. Japani ilikuwa na uwiano wake wa dhahabu na fedha, kama moja kwa tano, wakati duniani kwingine ulikuwa karibu moja kwa kumi na tano, na mkataba uliruhusu sarafu za kigeni zibadilishwe kwa uzito. Mfanyabiashara alileta dola za fedha za Meksiko, akazibadilisha kwa sarafu za fedha za Kijapani, akanunua dhahabu, akaiuza nje na kurudi na fedha maradufu. Mwaka 1860 serikali ilipunguza dhahabu katika sarafu zake ili kuzuia uvujaji huo, na bei za vyakula zikapanda kwa raia ambao hawakuwahi kumwona mgeni hata mmoja. Pwani yetu, iliyozoea kupokea reale za Maria Theresa kutoka mbali, haikuwa na sarafu yake ya dhahabu ya kupoteza, na kwa hilo tulisalimika.

Utawala wa Tokugawa ulianguka mwaka 1868. Serikali mpya ya Mfalme Meiji ilirithi mikataba yote pamoja na kikomo cha ushuru, na ilitaka kujenga reli, viwanda, shule na jeshi. Forodha haikuweza kuilipia kazi hiyo, basi mwaka 1873 ikaweka kodi mpya ya ardhi, asilimia tatu ya thamani ya shamba, ilipwe kwa fedha taslimu, mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa. Wakulima waliasi katika majimbo kadhaa, na mwaka 1877 kiwango kilishushwa hadi asilimia mbili na nusu. Hapa ninauona Mrima. Mkulima wa mpunga wa Japani na mpagazi wa pembe wa Unyamwezi hawakujuana, lakini wote wawili walikuwa wakilipa kile ambacho mikataba ilimsamehe mgeni.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, mbona hawakukataa tu kulipa?" Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba walikataa kwa njia ya polepole mno. Iwakura Tomomi aliongoza ujumbe mkubwa Marekani na Ulaya kuanzia mwaka 1871 hadi 1873, na moja ya matumaini yao lilikuwa kurekebisha mikataba. Walirudi bila marekebisho, lakini wakiwa wamejua ni sheria na mahakama za namna gani watadaiwa kwanza. Mwaka 1894 Uingereza ilikubali kuacha haki ya mahakama zake za kibalozi, na makubaliano hayo yakaanza kutumika mwaka 1899. Uhuru kamili wa kujipangia ushuru ulirudi mwaka 1911. Kutoka 1858 hadi 1911 ni miaka 53 ambamo mzazi alizaliwa, akazeeka na kupata wajukuu, wakati orodha ya ushuru wa nchi yake ikihitaji ridhaa ya London, Washington na Paris.

Ni lazima pia niseme jambo ambalo wapenzi wa historia ya Japani hulipita haraka. Mwaka 1875 manowari ya Kijapani Un'yo ilikwenda karibu na kisiwa cha Ganghwa, ikapigana na ngome za Korea, na Februari 1876 Japani ikailazimisha Korea itie saini mkataba. Busan ilifunguliwa, na bandari mbili nyingine zikafuata. Wajapani walihukumiwa na mabalozi wao. Kuhusu ushuru, makubaliano ya nyongeza ya mwaka huo yaliziacha bidhaa za Kijapani ziingie bila kutozwa, yaani Japani iliidai Korea masharti makali kuliko yale iliyokuwa ikiyalalamikia yenyewe. Mwaka 1878 Korea ilijaribu kuweka forodha Busan, na kwa kuwa mgeni hagusiki, iliwatoza wafanyabiashara wake yenyewe, Wakorea. Japani ilileta manowari ikapinga hata hilo, na forodha ikaondolewa. Sijaona mfano unaoeleza jambo hili waziwazi zaidi kuliko huo.

Kwa nini basi Japani iliupata tena ushuru wake mwaka 1911, na Mrima haukuupata? Watu hunijibu kwa kutaja viwanda na jeshi, nao hawakosei. Mimi naongeza sababu ya tatu, ambayo naiona kubwa zaidi ninapopita mbele ya majengo ya forodha ya zamani pale ufukweni. Forodha ya Japani, hata ikiwa imefungwa kikomo, ilibaki mikononi mwa maofisa wa serikali yao. Forodha ya Sayyid Said haikuwa hivyo tangu mwanzo. Yeye na warithi wake waliikodisha, kama mtu anavyokodisha mikarafuu yake kwa msimu: aliyekodi anampa mwenyewe kiasi kilichokubaliwa, na anachokusanya zaidi ni chake. Kwa miongo mingi aliyekodi alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, ambayo mawakala wake walikaa katika kila bandari ya Mrima. Walikuwa wafanyabiashara hodari, walioaminiwa na Sayyid na Wamarekani pia, na siwalaumu. Ninachosema ni kwamba kitu kilichozoeleka kukodishwa hupata mpangaji mwingine kirahisi.

Mpangaji huyo alikuja mwaka 1888. Tarehe 28 Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba ulioikabidhi Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za pwani kutoka mto Umba hadi Ruvuma kwa miaka 50, kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Wanafunzi wetu wote wanaujua mkataba wa Karl Peters na Mangungu wa Msovero wa 1884, na ni haki waujue. Huu wa 1888 hawaujui, ingawa ndio ulioleta vita. Kampuni ilipoanza kazi mwezi Agosti, ilipandisha bendera yake kando ya ile ya Sultani, ikataka watu wathibitishe umiliki wa ardhi zao, ikashika ushuru, na majumbe waliokuwa na ada zao za miaka mingi kutoka kwa misafara wakaambiwa hawana chao tena. Pangani iliasi kwanza, chini ya Abushiri bin Salim. Tanga na Bagamoyo zilifuata, na mwezi Septemba manowari ya Kijerumani iliteremsha askari hapa mjini, watu wengi wakauawa. Saadani ilisimama na Bwana Heri. Kampuni ilishindwa, serikali ya Berlin ikachukua nafasi yake pamoja na jeshi la Hermann Wissmann, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka 1890 Sultani akaiachia Ujerumani pwani yote kwa malipo ya marki milioni nne.

Watu waliopigana mwaka ule wamekuwa wakielezwa katika vitabu vya wakoloni kama wafanyabiashara wa watumwa waliotetea maslahi yao, na wapo waliokuwa hivyo. Lakini wengi walikuwa watu wa forodhani na wa njia ya misafara, wapagazi, majumbe, wakopaji na wakopeshaji, ambao kwa nusu karne walikuwa wamelipa ushuru wa dola iliyojifunga kwa wageni asilimia tano, na sasa walikuwa wakiambiwa kwamba hata mkusanyaji mwenyewe atakuwa mgeni. Serikali ya Meiji ilijua hatari hiyo na iliikwepa kwa jasho la wakulima wake. Sisi tuliingia humo kupitia mkataba wa kurasa chache ambao hakuna hata mmoja wa majumbe wa Bagamoyo aliyeitwa kuuona kabla haujatiwa saini.